Sweta la Marehemu Abasi

Kiangazi cha mwaka ule wa kuhamia vijijini, pale Gongoni, Tabora, benchi la Mabruki lilikuwa na watu watatu na pengo moja. Mabruki mwenyewe tusimhesabu, maana yeye alikalia kigoda chake, dele la kahawa mbele yake juu ya mkaa. Wa kwanza ni Shomari, ambaye wamemwita Redio kwa sababu habari zote humfikia yeye mwanzo, hata zile ambazo hazijatokea. Wa pili ni Ghalibu, mwenye duka la vitambaa. Yeye wamempa jina la Kesho, kwani tangu bidhaa ziadimike hana jibu lingine kwa mteja. Wa tatu ni Twalibu, aliyewahi kupika kwenye kambi ya reli ya Wachina kule kusini akarudi na kofia ya plastiki ngumu kichwani, na tangu hapo ni Injinia. Pengo, hapo katikati, lilikuwa la Abasi, gadi, msimamizi wa treni ya Kigoma, aliyefariki mvua zilipokatika. Hakuna aliyesema pasikaliwe. Hapakukaliwa tu.

Ng'ambo ya kichochoro, karibu kiasi cha kusikia mtu akimeza kahawa, palikuwa na dirisha la mjane wake, Mwanamkuu. Mbao za dirisha zilirudishwa nusu. Wanaume wale waliona mikono yake tu, sindano mbili za kufumia, na sufu ya buluu. Yeye alisikia kila kitu.

Alikuwa edani. Hatoki, hajipambi, hazungumzi na wanaume wasio maharimu zake ila kwa dharura, na kubishana na Redio si dharura. Asubuhi alikata viazi vitamu vya michembe akavianika uani juu ya ungo, akamwagilia asumini yake kwa maji ya kusuuzia vyombo, akamfukuza kuku mwenye mazoea ya kutaga ndani ya kikapu cha nyuzi, kisha akakaa kufuma. Joto lile, nzi wenyewe wamechoka kuruka, na yeye ana sufu mapajani! Ndiyo maana watu walisema.

Sufu yenyewe kila mtu pale benchini aliijua. Ilikuwa sweta la Abasi. Mwanamkuu alilifuma mwenyewe mwaka waliooana, kwa ajili ya baridi ya alfajiri kwenye behewa la mwisho, na Abasi akalipenda hata akawa analitupia begani jua la saa saba. Tena alikuwa na mdomo mwepesi wa kuahidi, Mungu amrehemu. Ukilisifu tu, anacheka: "Nikifa, chukua." Basi akafa kweli. Nguo zake zikagawiwa kama ilivyo ada, kanzu kwa ndugu, viatu kwa mpwa. Sweta likashindikana. Kila mmoja wa wale watatu alimtuma mkewe na rambirambi, na mwisho wa rambirambi, sweta.

Mwanamkuu akawaza. Akimpa mmoja, wawili watanuna na benchi litavunjika, na benchi lile ndilo kitu pekee Abasi alichokipenda kuliko sweta. Asipompa yeyote, watasema mjane ana roho mbaya, anazuia haki za watu. Akawaza mpaka hasira zikampanda. Akatafuta ncha ya uzi kwenye ukosi, akavuta. Likafumuka lote hadi pindo la chini. Akaufua uzi, akaukausha, akaanza kufuma upya, na kitu gani anafuma hajui. Mikono ilitaka kazi, basi.

Na benchi, kuanzia siku hiyo, halikuwa na habari nyingine.

— Kipande mmekiona? Redio alianza, akipuliza kikombe. Jana kilikuwa kifupi, leo kinagusa goti. Sweta hilo, ndugu zangu. Na kwa upana ule, mwenye sweta ni mwanamume.

— Mwanamume gani? akauliza Mabruki.

— Ana kifua.

— Wanaume wote tuna kifua, Redio.

— Cha upana ule? Redio alimtazama Mabruki kifuani, akamwonea huruma. Ni polisi yule. Nimesikia kwa mtu ambaye hasemi ovyo.

Kesho aliguna. Alikuwa mtu mnene, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na hakupenda kuharakishwa.

— Polisi wapi, bwana wee! Mama wa watu anahama. Ana kaka yake Njombe. Njombe unaijua wewe? Kule hata mbuzi angevaa sweta kama angelipata. Anajitengenezea akiba ya joto, eda ikiisha anapanda treni, anatuachia mlango umefungwa.

— Kwa treni ya Njombe? Injinia alicheka hadi kofia ikamteleza. Njombe hakuna reli, Kesho! Nyie mnabishana kifua, mbuzi, sijui nini, hamjakaa kambini mkaona mambo. Kile kitu si cha mtu.

— Ni cha nani, kuku?

— Cha injini. Kule kusini baridi ikizidi, injini zinagoma kuwaka asubuhi. Wachina wanafanyaje? Wanazifunika sufu. Kubwa hivi! Wanatafuta wafumaji nchi nzima, kimyakimya. Nimewapikia wali watu wale, nawajua, hawapotezi kitu.

— Injini ivae sweta, alisema Mabruki taratibu, akimjazia kikombe.

— Na mikono, Injinia akamalizia, kwa ajili ya mabomba.

Nyuma ya dirisha Mwanamkuu alibana midomo asicheke. Kucheka, kwa mjane, na dirisha liko wazi! Ila la polisi halikumchekesha. Juzi Tufaha, mke wa Mabruki, anayemletea maji, alikuwa amekuja uso umemshuka.

— Shoga, sokoni wanasema polisi.

— Polisi gani, Tufaha?

— Sijui. Ila ana kifua.

Lilimuuma lile. Eda haijaisha, na jina lake tayari linauzwa pamoja na nyanya. Na hawezi kutoka hata akasimama mlangoni akasema: acheni, waongo nyie. Alivuta uzi kwa nguvu, kitanzi kikakaza, ikabidi akirudie.

Pale nje Redio alikuwa amejiona ameshindwa na injini, na Redio hakubali kushindwa.

— Basi niwaambie ukweli. Nilikuwa nauficha. Ni sweta la ujamaa.

— Lipi tena hilo?

— Tunaambiwa tuishi pamoja, tulime pamoja, sivyo? Mama yule amesikia. Sisi watatu tunadai sweta, uzi ni mmoja, na dukani kwa Kesho sufu iko kesho. Anafanyaje? Anafuma moja kubwa, mwili mmoja, shingo tatu. Siku anatoka eda, anatuvisha sote hapa hapa benchini.

Jambo la ajabu ni kwamba lilianza kuwaingia.

— Mikono mingapi? akauliza Injinia.

— Miwili. Wa mwisho huku na wa mwisho kule. Wa katikati hana haja ya mikono.

— Na nani anakaa katikati?

— Mimi, alisema Kesho. Nina kifua, nisije nikaumia pembeni.

— Ukae katikati ujaze lote? akasema Injinia. Katikati ndipo penye joto, nitakaa mimi, mgongo wangu mbovu.

— Haya basi, akasema Kesho, mimi nipeni mwili, nyie chukueni mkono mmoja mmoja, mwende zenu!

— Nikupe mwili kwa lipi? Redio akasimama. Sweta lile Abasi aliniahidi mimi. Hapa hapa. Alisema, Shomari, nikifa, chukua.

— Aliniahidi mimi, akasema Injinia. Na Mabruki shahidi.

Mabruki alikuna shingo. Hakuwa mtu wa ugomvi. Ugomvi hauuzi kahawa.

— Mimi nilisikia akikuahidi wewe, kweli. Na huyu, kweli. Na Kesho nilimsikia akimwahidi mara mbili, mara ya pili alikuwa anamwomba radhi kwa kummwagia kahawa.

— Mara mbili! Kesho akapiga paja. Mmesikia? Mwenye ahadi mbili ana haki kuliko nyie.

— Haki gani, kupe mkubwa wewe! Injinia alikuwa amekasirika sasa, kofia mkononi. Umezoea kuficha vitu chini ya kaunta, hata ahadi za maiti unataka kuzilimbikiza!

Neno lile halikuwa la mchezo mwaka ule. Mtu akiitwa kupe mkutanoni, yaani mnyonyaji, watu walimgeukia. Kesho alinyanyuka polepole, akaweka kikombe chini, hakukimaliza.

— Babu yangu amezikwa mji huu, Twalibu. Nimekaa benchi hili tangu ndevu hazijaniota. Leo mwisho. Msinihesabu tena.

Sindano za Mwanamkuu zikasimama. Lile aliloliogopa ndilo hilo, tena limekuja na sweta lenyewe halipo. Alitaka kufungua dirisha lote, alitaka kupiga kelele, ondoeni aibu zenu mbele ya nyumba ya marehemu! Akabaki ameshika uzi.

Wakati huo huo akatokea mtu na baiskeli, madebe ya asali yamefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Mgeni. Vumbi la barabara ya Ntalikwa lilikuwa limempaka hadi kope. Akaegemeza baiskeli ukutani.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitika, hata Kesho, maana salamu haina ugomvi.

— Naitwa Lugembe. Naomba kahawa, ndugu.

Na kabla mtu hajasema neno akakaa. Akakaa katikati, penye pengo, akanyoosha miguu kama aliyelala pale jana. Injinia alivaa kofia yake. Mwanamkuu aliona kichwa cha mtu mahali ambapo kwa miezi yote hii alikuwa akiona ukuta tu.

— Nimesikia makelele toka kule mwisho, alisema Lugembe. Kuna msiba?

— Ulikuwepo, akajibu Mabruki. Sasa kuna sweta.

Wakamweleza. Walimweleza wote kwa pamoja, kama watu wanaotaka kushinda kesi: Abasi na treni yake, sweta na uzuri wake, mkewe aliyelifuma, ahadi ya Redio, ahadi ya Injinia, ahadi mbili za Kesho, na namna mjane alivyolifumua akaanza upya bila kumwambia mtu. Kesho alisahau kwamba anaondoka, ikabidi aeleze akiwa amesimama. Lugembe alisikiliza, akanywa kahawa, akatikisa kichwa pale pa kutikisa.

— Alikuwa mtu mwema, alisema. Kawaahidi nyie wote.

— Wote!

— Na mkewe, Abasi alimwahidi nini?

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua tu, kwa kuwa habari ilikuwa haijakamilika.

Redio alimtazama Kesho. Kesho alimtazama Mabruki, shahidi wa kila ahadi. Mabruki alifikiri, akafikiri tena, macho juu, na mtu angeweza kuona anapitia jioni zote alizowahi kuuza kahawa pale.

— Hilo, akasema, sikulisikia.

Kesho alikaa, pembeni kabisa, akakitafuta kikombe chake. Mabruki akainua dele ammiminie, likatoa matone na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha. Lugembe alishukuru, akawaachia kipande cha sega la asali kwenye jani, akasukuma baiskeli yake kuelekea sokoni. Pengo likarudi, na wao wakalila lile sega.

Ndani, Mwanamkuu alikuwa hajasogea. Alilitafuta jibu kwa haki kabisa, kwani yeye ndiye pekee mwenye kulijua. Akaona hakuna. Kwa miaka yote ile Abasi alimpa kila mtu sweta, na yeye, aliyehesabu vitanzi vyake kimoja kimoja kwa mwanga wa koroboi, hakumwambia hata mara moja: nikifa, chukua. Aliona uchungu, uchungu wa kweli, akamkasirikia marehemu kama mtu amkasirikiavyo mume aliye hai. Akalia kidogo. Akapangusa macho kwa ncha ya kaniki.

Halafu akakiinua kile kipande, akakinyoosha mbele ya kifua chake. Kilimzidi huku na huku. Ndipo alipokijua: kilikuwa na upana wa Abasi. Hakukusudia, mikono ilifuma kifua ilichokizoea.

— Ala! alisema peke yake.

Akavuta uzi. Safu zikafumuka moja baada ya nyingine, kuku akaja kutazama, donge la buluu likanenepa mapajani. Alipofika mwanzo akajipima kwa shubiri, bega hadi bega, akaanza tena kwa vitanzi vichache.

Kesho yake alasiri benchi lilikuwa limejaa kama kawaida. Kesho alikuwepo, Injinia alimsogezea kikombe bila kumtazama, na yakaisha. Redio ndiye aliyetupa jicho dirishani kwanza. Alinyoosha shingo. Akawashika wenzake magoti.

— Tazameni upana! Si nilisema? Si polisi.

— Ni nani?

— Sijui bado, akanong'ona Redio, kwa mnong'ono uliofika hadi uani kwenye michembe. Ila mwanamume mwenyewe kumbe mwembamba.

Mjane aliye edani akacheka, kwa sauti, na dirisha liko wazi.