Mama Agatha na Majina Yaliyofika Mazima

Baada ya miaka ishirini na miwili katika chumba cha mitambo cha redio yetu, Mama Agatha Sulle anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025. Wasikilizaji wa Balangdalalu hawaijui sauti yake, lakini karibu kila tangazo walilolisikia limepita mikononi mwake.

Alipoanza kazi, matangazo yalikuwa kwenye kaseti, naye aliyapanga ndani ya boksi la sabuni. Kompyuta zilipokuja alizisogelea kwa mashaka, kama mtu aliyepewa ng'ombe mgeni amkamue. Haikupita muda akawa anaziandikia skripti, yale maagizo mafupi ambayo kompyuta huyafuata yenyewe. Ya kwanza ilipokea faili la tangazo, ya pili ikasafisha sauti, ya tatu ikaliweka kwenye ratiba. Kazi ya asubuhi nzima ikawa ya kikombe kimoja cha chai, na chai ya Mama Agatha, tuseme ukweli, ina sukari ya watu watatu.

Masika ya mwaka 2017, Mzee Gidamuhale wa Getanuwas alifariki. Wanawe walituletea tangazo kwenye flashi ili dada yao Fransiska, aliyeolewa Masieda ambako simu zilikuwa hazishiki, apate habari na awahi mazishi kesho yake. Faili waliliita "Msiba wa Mzee Gidamuhale Getanuwas", kwa heshima yote. Skripti ya kwanza ililipokea vizuri. Ilipoikabidhi ya pili, jina likakatika kila penye nafasi. Ya pili ikatafuta faili liitwalo "Msiba", halafu "wa", halafu "Mzee", haikuona kitu, ikanyamaza. Saa saba mchana matangazo ya vifo yakaisha bila Mzee Gidamuhale.

Mama Agatha aligundua akiwa anakula ugali. Aliacha sahani, akaingia studio nikiwa hewani, akaninyang'anya kipaza sauti na kulisoma tangazo mwenyewe, yeye aliyekuwa akikataa hata kutoa salamu za Krismasi. Fransiska alisikia akiwa anapukuchua mahindi. Alisafiri usiku kucha, akafika Getanuwas kabla baba yake hajazikwa.

Kwenye kikao Mama Agatha alisema wazi kwamba kosa ni lake. Jina alikuwa amelizungushia alama za fungua na funga semi, zinazoiambia kompyuta kwamba maneno yote ni jina moja, kwenye skripti ya kwanza tu, tena alikuwa amejaribu kwa faili lenye jina la neno moja. Meneja wetu, Bwana Alfredi, alipendekeza wafiwa waagizwe kuunganisha maneno kwa vistari. Mama alikataa, kwa adabu lakini bila kucheka. Alisema mtu aliyefiwa asipewe tena kazi ya kuihurumia kompyuta. Akazifungua skripti zote, akaweka zile alama kila mahali jina linapotoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Tangu hapo hujaribu kwa jina refu. Faili lake la majaribio hadi leo linaitwa "Gervasi mchelewaji wa kipindi cha asubuhi". Gervasi ni mimi; nimelalamika, sijasikilizwa. Glory, anayeshika nafasi yake, amekwisha kulipitisha kwenye skripti zote na ameahidi kutolibadilisha.

Mama Agatha, tutakukosa, na mimi nitakukosa zaidi ya ninavyoweza kuandika hapa. Asante kwa kuwajali watu usiowaona. Tunakuombea afya njema, mahindi yakubali, na wajukuu wakuachie nafasi ya kupumzika.

Jambo moja limebaki. Fransiska ametuletea salamu zako. Faili ameliita "Asante Mama Agatha uliyenifikisha kwa baba yangu". Hatukulifupisha. Limepita skripti zote tatu na litasikika leo saa saba mchana. Safari hii usiache sahani. Kaa, kula ugali wako, usikilize.