Chuma cha Chapati cha Marehemu Makoye

Hapa Nyasubi, ukutani kwa duka la Mohamedali, tuna benchi la magogo yaliyookolewa siku duara, shimo letu la dhahabu, lilipotitia, na tuna muuza kahawa, Kudra, asiyejua kucheka. Mimi ndiye Injinia. Darasa la sita niliacha mwenyewe, shule ikabaki na hasara. Jumatano hiyo utani ulikuwa hautoki vizuri, maana arobaini ya mwenzetu Makoye tuliisoma juzi tu. Nilikuwa nimepakata chuma chake cha chapati, kile kizito cha kumiminwa, ukikiangusha kinapasuka kama chungu. Baba yake alikipata jikoni kwa mapadri wa Ushirombo. Mjane wa Makoye, Bhoke, kanipa nikifufue. Kesho anaanza kuuza chapati stendi, na hana kazi nyingine.

— Tazameni, nikasema. Kutu nimeitoa kwa mchanga na jivu, nikamalizia na msasa. Nikakikausha motoni, nikakipaka mafuta membamba kama jasho la bosi, nikakiacha kifuke moshi mpaka ukome. Nikarudia mara tano! Mapadri wenyewe walikuwa wanaishia mara tatu.

— Uliwahesabia wewe? akauliza Karati. Jina lake Donatus, alichimba na Makoye miaka yote.

— Chuma kinasema, ukikijua.

— Usizidishe mafuta, kitanata, akasema Masalu, tunayemwita Askofu ingawa kanisani anaonekana Pasaka hadi Pasaka. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

— Uchi na mafuta wapi na wapi? nikauliza.

— Ndiyo hivyo. Kiache kipumue.

Karati akainamisha kichwa.

— Injinia, na lile jingine umelitoa?

Hakuna aliyeuliza lipi. Kule machimboni Makoye alikuwa akichomea dhahabu kwenye chuma hiki hiki. Donge lenye zebaki unaliweka motoni, zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Mwaka juzi mikono yake ikaanza kutetemeka. Mwisho, kabla hajafa, hata kikombe cha Kudra kikawa kinamshinda.

— Zebaki inaogopa moto, nikasema. Mara tano! Imeshakimbia.

— Kama imekimbilia ndani? akasema Karati. Chuma kina vinyweleo kama ngozi yako.

— Kifukiwe kwenye samadi siku saba, akasema Askofu. Ng'ombe hadhuriki na sumu.

— Ng'ombe au samadi?

— Ukoo mmoja huo.

— Ng'wanawane, ndugu yangu, mimi naona kichemshwe na pete ya dhahabu, akasema Karati. Zebaki ikiiona dhahabu itaifuata, kama sisi tulivyoifuata toka Tinde.

— Haya, pete iko wapi?

Tukaangaliana vidole. Miaka ishirini ya kuchimba dhahabu, benchi zima halina pete.

— Mimi nilishaitoa zebaki kwenye trekta, nikasema. Ndimu gunia moja, halafu nikalikemea kwa Kisukuma. Likatokwa machozi.

Hakuna aliyecheka.

— Bhoke umemwambia? akauliza Kudra.

— Mwenye kovu usidhani kapoa, akadakia Askofu. Kwa hiyo asiguswe.

— Nikimwambia, nikasema, kesho atauza nini?

Kabla sijajibiwa, Bhoke mwenyewe akatokea na beseni la madonge ya unga.

— Hamjambo shemeji zangu.

— Hatujambo, shemeji.

Akakiona chuma kinavyong'aa kwa weusi. Tangu mazishi sikuwa nimeona meno yake; leo nikayaona. Akamwomba Kudra jiko, akakikalisha juu ya mkaa, akasukuma donge kwa chupa, akalitandaza. Chapati ikavimba, ikageuka, haikushika hata kidogo.

— Injinia, una mikono wewe!

Sifa nazipenda. Hiyo niliipokea macho yakiwa chini.

Akaikunja kwenye karatasi, akatunyooshea.

— Nani anaanza?

— Mimi nimefunga, akasema Askofu.

— Umefunga na kahawa mkononi?

Karati akashika shavu, eti jino. Mimi nikawa natazama pikipiki barabarani, moja baada ya nyingine. Bhoke akacheka kidogo, kisha akaacha.

— Injinia. Humu kuna nini?

Nikafungua mdomo wangu huu unaojulikana mpaka Geita. Nikautia kahawa. Karati ndiye aliyesema, akiitazama ardhi:

— Makoye alikuwa anachomea dhahabu humo, shemeji. Na zebaki.

Bhoke akaiweka chapati benchini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akatutazama mmoja mmoja.

— Na watu wa stendi kesho? Mngewaacha wazile chapati hizi?

Kudra akainua birika, akalitikisa. Lilikuwa tupu. Bhoke akasubiri, akasubiri tena, kisha akajitwisha beseni lake la unga mbichi akarudi alikotoka. Chuma kilibaki kwenye jiko la Kudra kikifuka moshi, na hakuna aliyenyanyuka kukiepua.