Kinyozi na Nyumba ya Mama

Mimi sina tabia ya kusikiliza maneno ya watu. Ndani ya basi lile nilihama kiti mara mbili tu, na ile ya pili ndipo nikasikia vizuri.

Kinyozi mmoja alikuwa akimfundisha fundi cherehani, mama aliyekutana naye humo humo, namna ya kuanza kupangisha nyumba. "Dada yangu, pesa zako usiziguse. Unachukua mkopo benki, unanunua nyumba ya vyumba sita, kodi ya wapangaji inalipa mkopo. Wewe umelala."

"Na benki wanakupa tu kwa uzuri wa sura?"

Kwa sura ile, nilijisemea, wasingempa hata kalamu.

"Nimeweka dhamana nyumba ya mama."

Fundi akashika kifua. "Nyumba anayolala mama yako! Wapangaji wakihama je?"

"Mama mwenyewe ameridhia. Alinibariki kabisa."

Mimi nina wana watatu, na hati ya nyumba yangu iko chini ya godoro.

Simu ya kinyozi ikaita. Ilikuwa mbovu, haisikiki bila kuweka sauti kubwa, kwa hiyo tulisikia sote.

"Mwanangu, kuna watu wa benki hapa wanapima chumba changu. Wananiuliza nimepanga tangu lini. Niwajibu nini?"

"Mama, niko kazini, namnyoa mteja. Nitakupigia."

Fundi akaisogelea simu. "Shikamoo mama. Hanyoi mtu. Tuko naye kwenye basi."

Basi likasimama kituoni, wala hakuna aliyeshuka.