Namna Kambale Alijifunza Kumunyoa Buko Yake

Kwetu mu mutaa ya Hewa Bora, banc ya Huguette iko ubao moja ya kukalia juu ya matofali, karibu na meza yangu ya kushonea viatu. Huguette anauzishaka kahawa kuanza asubui sana, na bantu ba pale ni bale-bale tu kila siku. Kuko Ruphin, tunamuita Arbitre, juu anakataka kila palabre sawa mwamuzi wa mupira, hata kama hakuna mwenye alimuuliza. Kuko Aristote, tunamuita Prof. Alifundishaka mwaka moja tu, lakini jina ilibakia. Siku moja ya tano, ndiyo ijumaa, Kambale akafika. Yeye ni muntu wa Butembo, anapelekaka bintu Kipushi na lori ya tela, ndiyo tunamuita Remorque. Ku uso alibandika vipande ine ya karatasi, na kila kipande ilikuwa na damu katikati.

— Nani alikupiga? Arbitre akauliza.

— Hakuna. Ni miye mwenyewe.

Akatosha mu mufuko wembe ya kukunja, yenye mukono ya pembe, ile bazee banaitaka jina ya coupe-chou. Akatuelezea. Papa Mwelwa wa Makomeno, baba ya muke wake Benita, alipooza mukono wa kuume. Miaka makumi ine alijinyoaka na wembe ile kila asubui. Sasa ndevu ziliota, hii ni juma ya tatu haende misa, anasema hawezi kusimama mbele ya Mungu sawa mbuzi. Coiffeur, kinyozi, alikuja na mashini, mzee akamufukuza. Batoto yake banaume beko Kolwezi. Juzi akamuita Kambale, akamupa wembe: «Siku ya yenga, mbele ya misa, utaninyoa.»

Kwetu, baba ya muke wako ni buko, na buko hamugusane. Hata kikombe unamupatia na mikono mbili, umeinama. Sasa kumushika taya, kumugeuza shingo?

— Kumugusa buko ku uso, Arbitre akasema. Carton rouge, kadi nyekundu.

— Ni wembe njo itamugusa, Prof akasema. Tuanze na technique. Bazee balisema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Bon. Donc ni maji. Ya baridi, na mingi.

— Ile methali haiko juu ya ndevu, Huguette akasema. Iko juu ya kujitayarisha.

— Njo kujitayarisha na maji. Tena sikia jina: coupe-chou. Kukata shu, kabichi. Babeleji balijifunzaka ku shu. Remorque, nunua shu moja kwa soko, pakala povu ya savon, nyoa.

— Shu haina ndevu.

— Njo maana iko muzuri kwa mwenye kuanza.

Arbitre akatingisha kichwa.

— Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Unyoe mbio. Wembe ikikawia ku shavu, inapata mawazo.

— Asubui damu yote iko ku kichwa, Prof akasema. Saa sita njo inashukaka ku miguu. Umunyoe saa sita.

— Misa iko saa tatu, Kambale akasema.

— Basi mumupe bukari, ugali mingi ya kushiba, damu ishuke ku tumbo.

Huguette akakumbuka: kulibakia ballon moja, puto ya batême, ya siku mutoto wake alibatizwa. Arbitre akaipuliza, Prof akaipakala savon mpaka ikawa nyeupe, Kambale akafungua wembe. Akavuta pumuzi, akapitisha mara moja. Savon ikatoka vizuri. Mara ya pili, vizuri. Sisi wote tulimuinamia. Mumoja anasema polepole, mwingine anasema mbio. Mara ya tatu ikapasuka, pa.

Savon ikaenda ku miwani ya Prof, mu vikombe mbili ya kahawa, na mu kiatu ya muntu yenye nilikuwa nashona. Tulicheka mpaka bantu benye balikuwa banangoja taxi bakavuka barabara kuja kuona. Kambale hakucheka.

— Pale ilikuwa shingo, akasema.

Kati ya bale bantu kulikuwa Graciella, dada moja alianza kazi juma ile mu pharmacie ya ngambo. Akauliza:

— Samahani bapapa. Kati yenu, nani alishajinyoaka na ile wembe?

Arbitre akaangalia barabara. Prof akapanguza miwani, ijapo ilikuwa imeshakauka. Kambale akakunja wembe.

— Mwenye kujua ni mumoja tu, na iko Makomeno, akasema.

Nilimupa kipande ya ngozi ya kunolea, akaenda.

Siku ya pili ya juma yenye ilifuata, siku mbili kisha ya yenga, akarudia. Uso safi, hakuna karatasi hata moja. Tukamupa nafasi katikati.

— Papa Mwelwa alinikalisha mbele ya kioo, akasema. Maji ya moto, Prof, si ya baridi. Vuta ngozi. Lalisha wembe, usiisimamishe. Fuata njia ndevu zinaota. Nilijinyoa mara mbili mbele yake. Nilijikata kidogo, akacheka. Benita akatoka mu jikoni mbio. Toka ugonjwa alikuwa hajasikia ile kicheko.

— Na siku ya yenga? Huguette akauliza.

— Nilimupakala savon, kisha nikashindwa. Wembe ikabakia juu. Akaniuliza: «Unangoja nini?» Nikasema: «Papa, uko buko.» Akajibu: «Buko utamukuta ku salon, pa kupokea bageni. Hapa nataka coiffeur. Kamata.» Nikamukamata taya. Nikamaliza shavu moja. Akafunga macho, akalala.

— Akalala?

— Na kukoroma. Nusu ya uso ndevu, nusu safi. Sasa buko unamuamushaka namna gani? Nikasimama na wembe, savon inakauka. Benita ku mulango anacheka mu kitenge yake. Aliamuka mwenyewe, nikamaliza; tulifika misa, padri alishamaliza mahubiri.

— Mzee alisema nini? nikauliza.

— Alijipapasa na mukono ya kushoto, polepole, mpaka chini ya sikio. Akasema: «Hapa ulisahau.» Nikarudisha wembe pale. Akakataa. «Acha. Kesho kutwa zitakuwa zimeota zote. Utakuja.»

Arbitre akahesabu na vidole. Kesho kutwa ile ilikuwa leo. Kambale alikuwa amesimama tayari, kahawa nusu mu kikombe.