Msamaha wa Kodi kwa Mwenye Nyumba

Katika basi la Morse Road, Umutesi alimsikia mzee Zihindula, wa kanisani kwao, akimweleza mama asiyemjua jinsi serikali ilivyomsamehe kodi kwa sababu alikarabati nyumba yake. Sauti yake ilimfikia hata dereva.

"Ni muzuri, mama. Inasaidia watu wajenge."

"Mwenye apartema yetu, ile nyumba tulikuwa tunapanga, pia walimusamehea," mama akajibu polepole. "Akatengeneza, kisha akatuambia tutoke. Bwana yangu alifia mu ile chumba. Sasa nitamulilia wapi?"

Zihindula alikohoa. "Donc, yaani, sheria haikusema akufukuze."

"Haikumukataza."

Basi likasimama. Mama akashuka. Mzee, ambaye kwake kulikuwa bado mbali, akachukua mfuko wake, akamfuata mama.