Mgomba wa Katikati ya Barabara

Taksi ya abiria ya kwenda Ggaba ilikwepa shimo lililopandwa mgomba, na Mugisho akamsikia Mkenya wa kiti cha mbele yake akicheka. "Ushuru tunalipa, na barabara imegeuka shamba!"

Mama muuza samaki aliyekaa kando ya Mkenya hakucheka. "Ssebo, bwana, mimi ndiyo nilipanda. Ndugu yangu alianguka hapo na boda, akakufa. Nilitaka madereva waone shimo."

"Pole, mama," Mkenya akasema. "Na wakubwa wanasemaje?"

"Tungoje bajeti."

Mugisho aligeuka kuutazama mgomba. Bajeti ilikuwa haijafika, lakini mkungu wa ndizi ulikwisha komaa.

"Maaso awo," mama akamwambia dereva, asimame hapo mbele. Akashuka, akarudi kwenye mgomba, akaanza kuondoa majani makavu, taratibu, kama anayesafisha kaburi. Hakuna abiria aliyemhimiza dereva aondoke.