Pi Thankhumi wa Duka la Viatu, Bazar Veng (1955–2023)

Ndugu waombolezaji, najua mnanong'ona. Mlipopita sokoni asubuhi hii mmeona duka la marehemu liko wazi, na sote tunajua kwamba mtaa wetu ukifiwa maduka hufungwa mpaka kaburi lifukiwe. Tutafika huko. Kwanza mjue tunamzika nani.

Pi Thankhumi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1955 kijijini Hnahthial, mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu Pu Kapliana na mama yetu Pi Chalthangi. Mimi Sawmi, ninayesoma haya, ni mdogo wake wa kumfuata. Utoto wangu wote nilirithi viatu vyake, vikinifikia visigino vimekwisha.

Alianza shule hapo hapo kijijini. Machafuko ya mwaka 1966 yakamkatiza, akaja kumaliza darasa la saba hapa mjini Lunglei mwaka 1971. Hakuendelea. Waliosema "yule hana elimu" aliwajibu papo hapo, na hakuna aliyerudia mara ya pili.

Mwaka 1979 alifungua duka la viatu hapa mtaani Bazar Veng, na Desemba ndiyo ikawa mavuno yake. Nani kati yetu alikwenda kanisani Krismasi bila kiatu kipya? Wazazi wa vijijini walishuka na vijiti vya mianzi, kila kijiti kimekatwa sawa na unyayo wa mtoto na kufungwa uzi wenye jina. Marehemu alikiingiza kijiti ndani ya kiatu, akaacha nafasi ya kidole gumba ili mtoto akue nacho. Krismasi ya 2003 fungu la vijiti lilimdondoka, majina yakachanganyika, na watoto wa kijiji kizima wakapata viatu visivyo vyao. Walibadilishana nje ya kanisa ibada ikiendelea, mchungaji akabaki kuhubiria wazee peke yao. Marehemu aliwatumia watoto wote peremende, na mchungaji hakumsahau.

Tarehe 9 Februari 1982 alifunga ndoa na Pu Chhuanvawra, dereva wa lori aliyemletea mzigo kutoka Silchar. Alisema alimkubali kwa kuwa makatoni yake hayakuwahi kufika yamelowa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Zosiama na Remsangi. Shemeji yetu alitangulia mwaka 2011.

Kisha zikaja simu. Watu waliingia dukani, wakajaribu kiatu, wakakipiga picha na kwenda kuagiza kwingine. Dada yangu hakuwafukuza. Alikigeuza kiatu na kusema, "Piga vizuri, mwanangu, na nyuma pia. Na mimi nipige, maana kikikubana utanikumbuka."

Mwanawe Zosiama, ambaye kazi yake Bengaluru ni kusafirisha vifurushi vya hao hao wanaoagiza kwa simu, alimpigia mwaka jana nikiwa nimeketi naye dukani.

"Mama, funga duka. Kuna kampuni ya vifurushi inakitaka chumba hicho cha duka. Wewe utakaa tu, ule kodi."

"Nikae kama gunia?"

"Dunia imebadilika, mama."

"Miguu haijabadilika. Umekula?"

Mwezi Machi mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa Aizawl, akarudi Agosti akiwa amekonda sana. Desemba ilipoingia alitaka abebwe mpaka dukani, na vijana wa mtaa wakambeba. Alikaa kitini na blanketi lake, akipima vijiti. Jumamosi iliyopita aliniambia, "Nikifa kabla ya Krismasi, msifunge."

"Dada, watu watatusema."

"Watakusema wewe. Mimi sitakuwepo." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Wale wa vijijini wanashuka wiki hii. Wakikuta mlango umefungwa watajifunza kuagiza kwa simu, na wakishajifunza hawarudi."

Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya jana, Jumanne tarehe 19 Desemba 2023. Wazee wa mtaa walikuja kutuuliza, "Duka wazi na maiti bado iko nyumbani? Mmeona wapi?" Hatujaona popote. Tunawashukuru majirani waliofunga maduka yao kwa heshima yake, na heshima hiyo tumeipokea. Sisi tumemheshimu kwa kufungua. Anayetaka kununa na anune, msiba ni wetu.

Ndiyo maana Remsangi, binti yake wa pekee, hayupo hapa kaburini. Alimwosha mama yake, akamvisha, akambusu, akaenda kufungua mlango. Udongo Zosiama atautupa kwa niaba yao wote wawili.

Marehemu ameacha watoto hao, wajukuu watatu, na mimi. Ile kampuni ya vifurushi ilimpigia Zosiama jana jioni, maiti haijatoka nyumbani. Nilikuwa karibu. Aliwaambia, "Chumba kina mwenyewe, anauza viatu," akakata simu, akaketi chini akalia.

Sasa tumwimbie, tumfukie. Mkiteremka, mwenye mtoto asiye na kiatu cha Krismasi apitie dukani. Remsangi akilia wakati anakupimia, mwache alie, lakini usitoke mikono mitupu. Naye dada yangu apumzike kwa amani, zamu yake imekwisha.